SOMO LA SAYANSI: GESI ISIYOONEKANA HUTAMBULIWAJE?



Katika hewa tunayovuta kuna vitu ambavyo macho hayavioni na pua haivinusi. Kimoja ni gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii hutoka kwenye moto wa nyasi, kwenye tanuri la mkaa, na kwenye jiko la mkaa ndani ya nyumba. Ikiwa kidogo sana angani haituui. Lakini ikijaa chumbani usiku, watu huweza kulala wasiamke.

Sasa tujiulize. Kitu kisichoonekana, kisicho na harufu wala ladha, wataalamu wamekijuaje? Tena wanakipimaje mpaka wakajua ni kiasi gani? Hilo ndilo somo letu la leo. Tutajifunza hewa imechanganyika na nini, miale ya joto ni nini, na namna miale hiyo inavyofichua gesi. Mwishoni tutaona elimu hii inatufaa nini sisi wa Kaniha, na wenzetu wa Biharamulo na Ngara kwa jumla.

1. HEWA IMECHANGANYIKA NA NINI?

Chukua hewa kavu, uigawe mafungu 100 yaliyo sawa. Mafungu 78 ni nitrojeni. Mafungu 21 ni oksijeni, ndiyo inayotupa uhai. Fungu moja lililobaki karibu lote ni gesi iitwayo argoni, ambayo haitudhuru. Gesi nyingine zote ukizikusanya pamoja hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya fungu moja. Basi hizi tuziite gesi haba.

Tupime uhaba huo kwa mahindi. Magunia matatu ya kilo 100 yana punje kama milioni moja, kwa kukadiria. Tuseme punje hizo zote ndiyo hewa yetu. Hewa ya ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, itakuwa punje zaidi kidogo ya 420. Hizo hujaa konzi moja au mbili tu. Methani, gesi inayotoka kwenye matope ya vinamasi na kwenye matumbo ya ng'ombe, itakuwa punje 2. Na kaboni monoksaidi? Hapo magunia matatu hayatoshi. Itabidi ufungue magunia 30, ndipo upate punje 1 au 2.

Hebu fikiri. Nani ataweza kutafuta punje moja ndani ya magunia 30? Tena punje yenyewe haionekani! Lakini kazi hiyo inafanyika kila siku, tena si mbali na kwetu.

2. JOTO HUSAFIRI KAMA MWANGA

Usiku, baada ya kupika, kaa karibu na mafiga. Moto umezimika. Hakuna mwali wala kaa jekundu. Ni giza tupu. Nyosha kiganja chako kuelekea mafiga bila kuyagusa. Utasikia joto. Sasa mwenzako apitishe ungo kati ya kiganja na mafiga. Joto linakatika papo hapo. Akiuondoa, linarudi papo hapo.

Kumbe kuna kitu kinatoka kwenye mafiga na kuja kwako moja kwa moja, kama mwanga wa taa, ila hakionekani. Hiyo ni miale ya joto. Wataalamu huiita miale ya infraredi. Maana ya jina hilo ni "chini ya nyekundu".

Jina limetoka wapi? Nyote mmeona upinde wa mvua. Mwanga wa jua ukigawanyika hutoa rangi: zambarau, buluu, kijani, manjano, mpaka nyekundu pembeni. Mwaka 1800 huko Uingereza, mtaalamu wa nyota William Herschel aliupitisha mwanga wa jua kwenye kioo chenye pembe tatu, zikatokea rangi hizo. Akaweka vipimajoto. Kimoja akakiweka nje ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni rangi yoyote. Zebaki ya kipimajoto hicho ikapanda kuliko za vingine. Ndipo alipojua kuwa mwanga hauishii kwenye nyekundu. Unaendelea mbele, ila macho yetu ndiyo yamefika mwisho.

Mwanga unaoonekana una rangi nyingi. Miale ya infraredi nayo ina "rangi" zake nyingi, ingawa hatuzioni. Shikeni sana jambo hili, kwani ndilo ufunguo wa somo letu.

3. KILA GESI NA CHAKULA CHAKE

Mkulima anaamka asubuhi na kwenda shambani. Anakuta mihogo imefukuliwa. Bila kuuliza mtu anasema, "Nguruwe mwitu wamepita." Upande wa pili anakuta mahindi yamevunjwa na magunzi yametupwa chini ya mti. Anasema, "Hawa ni ngedere." Kwenye maharage anakuta majani machanga yamekatwa karibu na ardhi. Anasema, "Sungura huyo." Hakumwona hata mnyama mmoja. Amewajua wote kwa walichokula. Na akihesabu mashimo ya mihogo, anaweza kukisia kama nguruwe walikuwa wachache au wengi.

Gesi hutambuliwa kwa njia hiyo hiyo. Kila gesi "hula" rangi fulani za miale ya joto na kuziacha nyingine zipite. Ukipitisha miale ndani ya hewa, kisha ukaangalia upande wa pili ni rangi zipi zimepungua, utajua gesi ipi ilikuwa njiani. Ukipima zimepungua kwa kiasi gani, utajua gesi hiyo ni nyingi au kidogo.

Kwa nini kila gesi ina chakula chake? Gesi imeundwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo molekuli. Ndani ya molekuli kuna atomu zilizoshikana, nazo hutikisika bila kupumzika. Kila aina ya molekuli ina mwendo wake wa kutikisika. Ni kama bembea ya watoto. Ukisukuma bembea kwa kufuata mwendo wake, itapokea nguvu yako na kupanda juu. Ukisukuma ovyo, haipandi. Miale ya joto nayo husukuma. Molekuli hupokea ule msukumo unaolingana na mwendo wake tu.

Na hapa kuna bahati kubwa. Molekuli ya nitrojeni ina atomu mbili zilizo sawa, kama pacha. Ya oksijeni ni hivyo hivyo. Molekuli za pacha hawa karibu hazili miale hii kabisa. Argoni nayo, ambayo atomu zake hukaa moja moja, haili. Basi yale mafungu 99 na zaidi ya hewa huacha miale ipite. Wanaokula ni wale haba tu. Ndiyo maana wanakamatika, ingawa ni punje chache ndani ya magunia mengi.

Jambo hili lilianza kuonekana zamani. Mwaka 1856 huko Marekani, mama mmoja aitwaye Eunice Foote alijaza gesi kwenye bomba za kioo na kuziweka juani. Bomba lenye hewa ya ukaa ndilo lililopata joto zaidi. Mwaka 1859 jijini London, John Tyndall, mwenyeji wa Ireland, alipitisha miale ya joto ndani ya bomba refu lililojazwa gesi moja baada ya nyingine. Akaona kuwa oksijeni na nitrojeni huacha joto lipite, lakini mvuke wa maji na hewa ya ukaa hulizuia.

Siku hizi chakula cha kila gesi kimepimwa na kuandikwa. Kipimo chake ni mikrometa, yaani milimita moja iliyogawanywa mara 1,000. Hivi ndivyo vyakula vikuu vya baadhi ya gesi:

Methani: mikrometa 3.3.
Hewa ya ukaa: mikrometa 4.3, na tena 15.
Kaboni monoksaidi: mikrometa 4.7.
Mvuke wa maji: sehemu nyingi.

Tazameni 4.3 na 4.7. Ni majirani, lakini hawali sahani moja. Ndiyo maana hewa ya ukaa haichanganywi na kaboni monoksaidi, ingawa majina yao yanakaribiana na zote mbili hutoka motoni. Msumbufu ni mvuke wa maji. Yeye ni mlafi, hula huku na huku. Kwa hiyo wataalamu hukausha hewa kabla ya kuipima, au hupima mvuke nao na kuutoa katika hesabu.

4. TAA, HEWA NA JICHO

Kifaa cha kazi hii kina mambo matatu: taa inayotoa miale, hewa inayopimwa katikati, na jicho la kupokea miale upande wa pili. Vifaa ni vya namna nyingi, lakini mpango ni huo huo. Tuone mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni mlima Nyiragongo, Kongo ya mashariki. Ni mlima wa moto wenye urefu wa meta kama 3,470, na chini yake uko mji wa Goma. Tarehe 17 Januari 2002 uji wa moto ulishuka mpaka ndani ya mji. Kati ya 2005 na 2007 wataalamu walipanda mpaka kwenye mdomo wa mlima na kuelekeza kifaa chao chini kwenye ziwa la moto. Hawakubeba taa. Taa ilikuwa ziwa lenyewe! Miale ilitoka motoni, ikapita katika moshi, ikaingia kwenye kifaa. Bila kuingia katika moshi ule wa sumu, walijua ndani yake kuna mvuke wa maji, hewa ya ukaa, kaboni monoksaidi, gesi ya salfa na nyinginezo.

Mfano wa pili ni mlima Mugogo, kaskazini ya Rwanda. Kutoka Ngara, kama ungeruka kama ndege, ni kilometa zisizofika 200. Juu yake, kwenye meta 2,590, serikali ya Rwanda pamoja na chuo kikuu cha MIT cha Marekani waliweka kituo cha kupima hewa. Hapo taa ni ya leza, yaani mwanga wa rangi moja tu uliochaguliwa. Mwanga huingizwa katika kijichumba kifupi kuliko mkono wa mtu. Ndani yake kuna vioo vinavyoutupa huku na huku mara nyingi sana, hata njia yake ikafikia urefu wa kilometa kama 20. Hiyo ni safari ya karibu nusu siku kwa miguu, ndani ya kijisanduku! Njia ndefu inahitajika kwa sababu leza hiyo haitazami chakula kikuu cha gesi. Hutazama vile vitafunio vyake vidogo.

Kisha taa huzimwa ghafla, na kifaa hupima mwanga unafifia upesi kiasi gani. Piga kelele ndani ya ghala tupu: mwangwi huchelewa kufa. Piga kelele ghala likiwa limejaa marobota ya pamba: sauti hufa mara moja. Ndivyo na mwanga. Gesi ikiwa nyingi, mwanga hufa upesi zaidi.

Mfano wa tatu uko juu angani. Desemba 1999 ilirushwa setilaiti ya Terra ikiwa na kifaa cha Kanada kiitwacho MOPITT. Kwa zaidi ya miaka 20 kifaa hicho kilipima kaboni monoksaidi duniani kote, Afrika nasi tukiwemo. Taa yake ilikuwa nini? Ni ardhi yenyewe. Ardhi hutoa miale ya joto usiku na mchana, kama yale mafiga yetu.

Nanyi mnajua kuwa mizani ya kununulia kahawa haiaminiki mpaka ijaribiwe kwa jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Vifaa hivi navyo ni hivyo. Kifaa kama kile cha Mugogo, kila baada ya muda, huletewa mtungi wa hewa ambayo gesi zake zimekwisha kupimwa. Kifaa kikisema sawa na mtungi, husadikiwa. Kikikosea, hurekebishwa.

5. MUGOGO WAMEONA NINI?

Wataalamu wa Mugogo walipima kaboni monoksaidi, masizi na ozoni tangu 2015 mpaka mwanzo wa 2017. Waliona kuwa uchafu huu hupanda nyakati za kiangazi na kushuka nyakati za mvua. Desemba hadi Februari, hewa chafu huletwa na upepo kutoka kaskazini, kunakochomwa nyasi wakati huo. Juni hadi Agosti huletwa kutoka kusini na kusini-mashariki. Basi tujiulize wenyewe: Juni hadi Agosti, nani anachoma nyasi?

Kaboni monoksaidi hukaa angani majuma kadhaa, hata miezi michache. Ikisukumwa na upepo, haisimami Rusumo kugongewa muhuri. Moto unaowashwa huku, wengine huuvuta mbali. Na moto wa mbali, sisi tunauvuta hapa.

Tuseme ukweli, kifaa hakisemi ni moto wa kijiji gani. Kinasema ni gesi ipi na ni kiasi gani. Njia ya kurudi kwenye chanzo hutafutwa kwa kufuata upepo. Kwa hiyo kipimo cha Mugogo si cha kumshitaki mtu. Ni cha kutuonyesha kuwa moshi ukipotea machoni, haujatoweka.

6. NYUMBANI KWETU

Juu ya mlima kuna kifaa. Chumbani mwetu hakuna. Hapo kinga yetu ni kujua.

Mkaa ukishika vizuri na kuwa mwekundu, moshi huisha. Wengi hufikiri hatari imekwisha, hulibeba jiko ndani ili wapate joto usiku, na kufunga mlango na madirisha. Lakini mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaotoa kaboni monoksaidi nyingi. Gesi hiyo ikiingia mwilini hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 au zaidi. Damu huzunguka, lakini haibebi oksijeni ya kutosha. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutaka kutapika na kuishiwa nguvu. Baadaye huzimia na kufa. Aliyelala huenda asisikie lolote.

Uzito wa gesi hii unakaribia sana ule wa hewa. Haitulii chini kama ile ambayo watu wa Goma huiita mazuku, yaani hewa ya ukaa inayojikusanya mabondeni na kuua watu na mifugo. Hii yetu huenea chumba kizima. Kwa hiyo kulala kitandani badala ya chini hakukuokoi. Na sufuria ya maji juu ya jiko haiiondoi.

Basi tufanye hivi:

(a) Jiko la mkaa lisilale ndani na watu, hata kama ni masika na baridi kali. Likimaliza kazi, litolewe nje.

(b) Anayepika ndani afungue mlango na dirisha, hewa ipite.

(c) Ukimkuta mtu amezimia katika chumba chenye jiko, usikae humo. Fungua milango, mtoe nje upesi, umpeleke zahanati au hospitali.

(d) Ukifika, mwambie mganga waziwazi: "Alilala na jiko la mkaa." Jambo hili ni muhimu sana. Kuna kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni ili kupima oksijeni katika damu. Nacho hufanya kazi kwa mwanga mwekundu na infraredi. Lakini kile cha kawaida hakiwezi kutofautisha damu iliyoshika oksijeni na damu iliyoshika kaboni monoksaidi. Kinaweza kuonyesha mgonjwa ni mzima, kumbe anakufa. Hakina kosa. Kimefundishwa kutazama rangi mbili tu, na mbili hazitoshi kumtambua mwizi huyu. Maneno yako ndiyo yatakayompa mganga habari ambayo kifaa kimeikosa, ampe oksijeni haraka.

(e) Kabla ya kiangazi, tufyeke ukanda kuzunguka mashamba na nyumba. Masalia ya mazao tuyalaze shambani yaoze yawe mbolea, badala ya kuyatia moto.

MASWALI

1. Taja gesi mbili zilizo nyingi kuliko zote katika hewa. Kwa nini hazizuii miale ya infraredi?

2. Mkulima alimjua nguruwe bila kumwona. Eleza jinsi gesi inavyojulikana kwa njia kama hiyo.

3. Katika Nyiragongo, Mugogo na setilaiti ya Terra, taa ilikuwa nini?

4. Kwa nini mkaa usiotoa moshi si salama ndani ya chumba kilichofungwa?

5. Mgonjwa amebanwa kifaa kidoleni, nacho kinaonyesha oksijeni ya kutosha. Wewe unajua alilala na jiko la mkaa. Utamwambia nini mganga?

KAZI YA KIKUNDI

Fanyeni lile jaribio la mafiga na ungo, kila mmoja akitumia kiganja chake. Kisha msomeeni somo hili jirani asiyejua kusoma, hasa sehemu ya 6. Mwombeni naye aeleze kwa maneno yake, ili mhakikishe ameelewa kabla baridi haijaanza.